Kamera haifagii: kisa cha nyayo tano za Laetoli

Juni 2019 watafiti kutoka Tanzania na Marekani walirudi Laetoli, takriban kilomita 45 kusini mwa Bonde la Olduvai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Walikuwa wanatafuta nyayo tano zilizogunduliwa katika miaka ya 1970, zikaachwa bila kifuniko cha maana, na hatimaye zikasahauliwa na karibu kila mtu. Mahali hapo panaitwa Eneo A. Kwa miongo mitatu na zaidi jina lililozishika nyayo hizo lilikuwa moja: dubu.

Desemba 2021 jarida la Nature lilichapisha matokeo yao. Ellison McNutt, Jeremy DeSilva, Charles Musiba na wenzao walisema mwenye nyayo hakuwa dubu. Alikuwa zamadamu, yaani kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, aliyetembea wima kwa miguu miwili, tena inaelekea hakuwa wa aina moja na wale walioacha nyayo mashuhuri za Eneo G, umbali mfupi kutoka hapo. Habari ilisambaa kama habari ya mageuzi ya binadamu, na ndivyo ilivyostahili. Lakini kwa mtu anayeshika kamera mbele ya visukuku, kisa hiki kina upande wa pili. Nyayo zilikuwa na picha na vipimo, na hata hivyo wasomi wakabishana kwa miaka. Wakati wote huo sehemu ya kile walichobishania ilikuwa udongo mgumu uliojaa ndani ya nyayo.

Nyayo za kwanza za wanyama ziligunduliwa Laetoli mwaka 1976, katika kisa ambacho hata mtunzi wa vichekesho angeona haya kukiandika: wanasayansi wageni walikuwa wakitupiana vinyesi vikavu vya tembo, mmoja wao, Andrew Hill, akaanguka akikwepa, na alipokuwa chini akaona alama kwenye tabaka la majivu ya volkano. Majivu hayo yana umri wa miaka milioni 3.66. Yalianguka, yakanyeshewa kidogo, yakakanyagwa, yakakauka, kisha yakafunikwa na majivu mengine. Yamehifadhi hadi vishimo vya matone ya mvua. Kumbuka vishimo hivyo, maana vinaonyesha udogo wa kitu ambacho picha ya pale inatakiwa kukinasa.

Nyayo tano za Eneo A zilitoka katika msimu huohuo wa msisimko. Zilikuwa fupi, pana na za ajabu. Katika hatua moja mguu ulivuka mstari wa katikati na kukanyaga upande wa mwenzake, kama mtu anayepita kwenye ukingo mwembamba. Mary Leakey, aliyeongoza uchimbaji wa Laetoli miaka hiyo, aliona uwezekano wa zamadamu. Baadaye, katika miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Russell Tuttle alitoa pendekezo la dubu mdogo aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Wapo waliosema mapema kwamba hakuna haja ya kuzipa jina kabla hazijasafishwa vizuri zaidi. Sauti hiyo haikufika mbali, kwa sababu mwaka 1978 kilikuwa kimetokea kitu kilichomeza macho yote.

Kitu hicho ni Eneo G. Paul Abell, mmoja wa timu, aliona alama ya kisigino, na uchimbaji uliofuata ukafunua mkondo wa takriban mita 27 wenye nyayo zipatazo 70, watu wawili au watatu wakielekea upande mmoja. Picha za John Reader za mkondo huo zilizunguka dunia. Mbele ya G, Eneo A lilikuwa na nini? Alama tano zenye sura mbovu. Ni rahisi leo kuwalaumu waliozipita. Binafsi siwalaumu sana, kwa sababu mwenye bajeti ya msimu mmoja na mkondo wa mita 27 mbele yake angefanya vivyo hivyo. Ninacholaumu ni ile hali ya picha iliyopigwa kwa haraka kugeuka kuwa ushahidi wa kudumu. Picha ya alama ambayo haijasafishwa ingeandikwa hivyo pembeni yake: haijasafishwa. Bila maneno hayo, msomaji wa mbali anadhani anaangalia unyayo, kumbe anaangalia unyayo pamoja na kilichoujaza.

Mwaka 2019 wachimbaji walitumia ramani na kumbukumbu za Mary Leakey kuirudia sehemu hiyo. Hofu ilikuwa kwamba mvua za miaka yote hiyo zingekuwa zimeshaila. Kumbe mvua hizohizo zilikuwa zimeleta udongo na kuzifunika. Nyayo zilikuwepo. Walichofanya baada ya kuzifikia ndicho kiini cha kisa chote: waliondoa ujazo mgumu kidogokidogo hadi wakafikia uso halisi uliokanyagwa. Hapo ndipo vikaonekana kisigino kipana, alama ya kidole gumba na alama ya kidole cha pili. Baada ya hapo walipima, wakapiga picha za kutengeneza modeli ya pande tatu na wakapitisha skana ya leza.

Kisigino na vidole viwili ndivyo vilivyoigeuza kesi. Kisigino cha dubu ni chembamba. Hiki kilikuwa kipana kama cha sokwe na cha zamadamu. Kidole gumba kilizidi cha pili kwa ukubwa, jambo ambalo dubu hana. Kikundi hicho hakikuishia kwenye kulinganisha michoro. Walikwenda New Hampshire wakawashawishi dubu wadogo weusi wasimame na kutembea kwenye matope kwa kuwapa vitu vitamu, wakapitia zaidi ya saa 50 za video za dubu wa porini, na wakaona kwamba kutembea wima bila kushikilia kitu kulichukua chini ya asilimia 1 ya muda huo. Walitazama pia sokwe wa kisiwa cha Ngamba nchini Uganda. Jambo la mwisho ni la Laetoli yenyewe: kati ya maelfu ya visukuku vya wanyama vilivyookotwa pale, hakuna hata kimoja cha dubu.

Sasa tuiache anatomia, tuiangalie kamera.

Tuanze na ukubwa wa unyayo, kwa sababu hapa ndipo picha ya kawaida inapodanganya bila mpigaji kujua. Mguu wa mwenye nyayo za A ulikadiriwa kuwa na urefu wa takriban sentimita 16. Chukulia umepiga picha moja kutoka juu, lenzi ikiwa sentimita 60 kutoka usoni mwa tabaka, na rula umeilaza pembeni, juu ya tabaka. Chini ya unyayo pako sentimita 3 ndani zaidi. Kwa kamera, kitu kilicho mbali zaidi ni kidogo zaidi: 60 gawanya kwa 63, unapata takriban 0.95. Unyayo wenye sentimita 16 chini kabisa utausoma kama sentimita 15.2. Ukipandisha kamera hadi mita moja na nusu, kosa linashuka hadi asilimia 2 na utasoma takriban 15.7. Hakuna ukali wa lenzi unaoponya jambo hili. Linaponywa na umbali, au na rula iliyowekwa kwenye kimo kilekile cha kitu kinachopimwa, au na modeli ya pande tatu. Kwa unyayo ambao ubishi wake mzima ni mfupi kiasi gani na mpana kiasi gani, asilimia 5 si kitu cha kupuuza.

Modeli ya pande tatu inayotengenezwa kwa picha, yaani fotogrametria, inafanya kazi kwa kanuni nyepesi. Nukta moja ikionekana katika picha nyingi zilizopigwa kutoka sehemu tofauti, programu hukokotoa kamera ilisimama wapi kila mara na nukta ile iko wapi hewani. Masharti yake ni ya mpigapicha, si ya programu. Lenzi isiyovutwa: ukianza na milimita 50, malizia na 50. Fokasi usiichezee katikati ya kazi. Tundu la lenzi liwe f/8 au f/11, ili kina chote cha unyayo kiwe wazi bila kufikia f/22, ambako mwanga wenyewe unaanza kulainisha picha. Faili ziwe ghafi, yaani kamera isizichakate wala kuzibana. Kila sehemu ionekane katika picha kadhaa, na vipande vya kupimia, yaani rula fupi za urefu unaojulikana, viwe zaidi ya kimoja na viwekwe pande tofauti, ili kimoja kitumike kukokotoa na kingine kuhakiki.

Watu huuliza kamera ya pikseli ngapi. Swali lililo bora ni: milimita ngapi kwa pikseli moja? Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Fremu ikifunika sentimita 60 kwa 40 za ardhi, kila pikseli inabeba milimita 0.1. Lakini pikseli moja haioni kitu peke yake. Hesabu kwamba unahitaji pikseli mbili au tatu ili umbo lisomeke, kwa hiyo unaona mambo ya milimita 0.2 au 0.3. Hiyo inatosha kwa ukingo wa kidole na kwa kishimo cha tone la mvua. Kwa mkwaruzo kwenye jino la kisukuku haitoshi hata kidogo. Huko utahitaji lenzi ya makro na fokasi ya kusogezwa tabaka kwa tabaka, kisha picha zote ziunganishwe.

Sasa tuseme una kipande cha tabaka chenye mita 3 kwa 1, na unataka picha zilaliane kwa asilimia 75. Kila hatua ya kamera ni sentimita 15 kwa urefu na 10 kwa upana. Hiyo ni safari 20 mara 10: picha 200 za wima, kabla hujaongeza za kingo na zile za kuinamisha kamera. Za kuinamisha usiziruke. Modeli iliyotokana na picha za wima pekee ina tabia ya kubinuka katikati kama sinia, na ubinukaji huo ukiukuta kwenye mkondo wa nyayo utaona mteremko ambao haukuwepo.

Kisha mwanga. Laetoli iko takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri pale linapanda hadi kama nyuzi 63, likitokea kaskazini. Machi na Septemba linakuja karibu kabisa na utosi. Majivu yale ni ya kijivu, rangi karibu moja kila mahali. Piga picha saa sita na unyayo unapotea mbele ya macho yako: rangi moja, hakuna kivuli, hakuna umbo. Picha zilizoipa Laetoli umaarufu zinategemea mwanga wa kulala, yaani unaotoka pembeni karibu na ardhi, ambao kila ukingo unaukatia kivuli.

Mwanga wa kulala una bei yake. Unaeleza upande mmoja wa shimo na kuuzamisha mwingine gizani. Ukitoka upande wa chini wa picha, jicho la binadamu hugeuza umbo, na shimo linaonekana kuwa kichuguu. Ndiyo maana desturi katika picha za visukuku ni mwanga kutoka juu kushoto. Tena, unaweza kukitia chumvi kitu kidogo. Mkunjo wa nusu milimita ukipigwa na jua la nyuzi 10 unatoa kivuli cha karibu milimita 3, na mtu mwenye hamu ya kuona kidole ataona kidole.

Kwa hiyo kazi ni mbili na zisichanganywe. Picha za modeli zinataka mwanga uliotawanyika, usiobadilika kuanzia fremu ya kwanza hadi ya mwisho: turubai jeupe juu ya shimo lote, au mawingu mazito kama Mungu amekujalia. Kivuli kinachosogea huku ukipiga picha 200 kinaidanganya programu, maana itakifuata kivuli kana kwamba ni sehemu ya jiwe. Picha za kusoma umbo zinataka mwanga wa kulala, kutoka pande nne angalau, kila moja ikiandikwa mwanga ulitoka wapi. Modeli ikishakuwa safi unaweza kuimulika ndani ya kompyuta kwa pembe yoyote, na hapo ubishi wa kivuli unapungua. Hata hivyo picha halisi za mwanga wa kulala ningezipiga. Modeli hulainisha, na mtu aliyekaa na kompyuta Dodoma au Chicago hawezi kujua kilicholainishwa.

Katika Eneo S, sehemu nyingine ya Laetoli, hali ilikuwa ngumu zaidi kwa kamera. Nyayo 14 ziliibuka mita 150 hivi kutoka Eneo G, ndani ya mashimo ya majaribio yaliyochimbwa kupima athari za ujenzi wa makumbusho uliokuwa umependekezwa. Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki, Marco Cherin na wenzao walizitangaza Desemba 2016, na kwa nyayo 13 za mtu mmoja wakamkadiria kimo cha takriban sentimita 165. Rekodi yao ilijengwa kwa fotogrametria. Mpigapicha anayeshuka kwenye shimo la majaribio ana kuta zinazomtupia kivuli pande zote na hana pa kusimama bila kukanyaga anachopiga. Kamera inakaa kwenye fimbo ndefu inayoshikwa kutoka ukingoni, na mtu wa pili anashika turubai.

Eneo G nalo lina somo lake, na ni la uchungu zaidi. Mwaka 1979 lilifukiwa kwa mchanga na mawe ili lisiharibike. Mchanga ule ulikuja na mbegu za migunga. Ndani ya miaka michache miti ilikuwa imesimama juu ya nyayo, mizizi ikitafuta njia chini. Taasisi ya Uhifadhi ya Getty na Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania zililifukua tena mwaka 1995 na 1996, zikaondoa mizizi, zikarekodi kila kitu upya, na kulifukia kwa tabaka za mchanga uliochekechwa, vitambaa maalumu, kizuizi cha mizizi na mawe. Wazee wa Kimaasai walishirikishwa, na loiboni, kiongozi wao wa ibada, akaendesha ibada mahali pale. Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town alifanya upimaji wa picha, wakati ambapo fotogrametria ya kidijitali ilikuwa bado kazi ya mabingwa wachache.

Wahifadhi walikuta jambo moja ambalo kila anayependa kalibu za mpira, zile za kutengenezea nakala za nyayo, angepaswa kulijua. Dawa ya kugandisha iliyopakwa miaka ya 1970, ili nyayo zistahimili kuchukuliwa kalibu, ilikuwa imezibadilisha rangi. Kalibu zilikuwa muhimu: nakala zake ziko makumbusho, na mgeni wa Olduvai leo anaona nakala ya mkondo badala ya mkondo. Lakini kila kalibu ni mguso, na kila mguso unaacha kitu na kuondoa kitu. Picha haigusi. Hilo ndilo jibu langu kwa wanaosema fotogrametria ni fasheni ya wenye kompyuta nzuri.

Lakini turudi kwenye Eneo A, maana hoja ya kutokugusa isitufikishe tusikotaka kwenda. Nyayo zile zisingeeleweka kama zisingeguswa. Mtu alilazimika kuchagua pa kuanzia na pa kuacha, akiwa na vifaa vidogo, akitofautisha kwa ncha ya kifaa ujazo mgumu na uso uliokanyagwa. Ni uamuzi usiorudishwa nyuma. Akipitiliza, anachonga kidole. Akiishia njiani, anaacha dubu. Kwa maoni yangu, hapa ndipo kamera ingekaa kazini mfululizo: seti kamili kabla ya kugusa, seti nyingine nusu ya kazi, seti ya mwisho uso ukiwa safi, zote kwa vipande vilevile vya kupimia vilivyobaki mahali pamoja. Ukizipandanisha modeli tatu kwenye kompyuta unaona ni milimita ngapi zimeondolewa na zimeondolewa wapi. Mpinzani anayedai kidole kilichongwa anajibiwa kwa ramani ya tofauti, si kwa kiapo. Tena gharama yake ni saa chache na kadi za kumbukumbu.

Kuna jambo moja katika orodha ya waandishi wa makala ya 2021 ambalo wengi hupita bila kuliona. Kati ya wataalamu wa mifupa, wa miamba na wa mwendo, limo jina la John Reader, yule mpigapicha wa miaka ya 1970. Ni nadra kumwona mpigapicha akihesabiwa miongoni mwa waandishi wa utafiti wa kisayansi baada ya miaka 40, na ningependa iwe kawaida.

Hili linanileta kwenye faili. Maabara nyingi huhifadhi modeli iliyokamilika na kufuta picha ghafi kwa sababu ya nafasi. Ni kinyume cha inavyotakiwa. Modeli ni tafsiri ya programu ya mwaka fulani. Programu ya miaka kumi ijayo itatoa tafsiri iliyo bora kutoka picha zilezile, kama bado zipo. Picha 200 ghafi za megapikseli 24, kwa wastani wa megabaiti 30 kila moja, ni gigabaiti 6. Hiyo inaingia kwenye kifaa cha kuchomeka cha bei ya chakula cha mchana. Ziwekwe nakala tatu, moja ikibaki nchini kwenye taasisi inayosimamia eneo lenyewe, na ziambatane na maandishi ya kawaida yasiyohitaji programu maalumu kufunguka: tarehe, saa, lenzi, urefu wa vipande vya kupimia, mwanga ulitoka wapi, na uso ulikuwa umesafishwa hadi wapi.

Hicho kipengele cha mwisho ndicho ninachokitafuta kwanza ninapofungua seti ya picha za visukuku, na mara nyingi hakipo.